Kuku Hawajashuka

Tin. Kimya. Tin, tin.

Bibi Tusekile alifumbua macho gizani akasikiliza. Ilikuwa sauti ndogo ya chuma kwa chuma, kama mtu anayegonga kijiko ukingoni mwa kikombe ili tone la mwisho la chai lidondoke. Alidhani ni bomba tu. Alfajiri za Isangala zina baridi ya kuuma, na mabomba hulalamika kama wazee. Akavuta blanketi mpaka kidevuni.

Tin, tin, tin.

Bomba halina haraka. Huyu aliyekuwa akigonga alikuwa na haraka.

Akaketi kitandani. Nyumba yake ilikuwa pacha na nyumba ya Sekela: ukuta mmoja, na bomba moja lililopita chini ya sinki zao mbili. Sekela alikuwa na mimba iliyokwisha kutimia, na mumewe alikuwa mbali, ziwani, akifunga mitambo ya upepo. Jana yake jioni alimletea Bibi viazi vya kuchemsha vimefunikwa kwa kitambaa safi, akasimama mlangoni bila kuingia kwa sababu, alisema, akikaa tu hatainuka tena. Mtu mwenye tumbo kama lile, na bado akamkumbuka jirani.

Bibi alivaa sweta juu ya khanga akatoka.

Nyumba za Isangala zilijengwa baada ya dhoruba zile zilizong'oa mabati ya wilaya nzima. Kuta zilikuwa za tofali la kushindiliwa, milango ya chuma, na madirisha yalikuwa na vifuniko vinavyojifunga vyenyewe. Ndani ya kila nyumba kulikuwa na Kaya, programu huria iliyojua kufunga kabla upepo haujafika, kuwasha jiko, na kumpigia nesi simu. Umeme ukikatika, mlango uliofungwa hubaki umefungwa. Ndivyo watu walivyopona dhoruba, na hakuna aliyelalamika.

"Sekela! Ni mimi, Bibi. Fungua."

Mlango ndio uliojibu, kwa sauti ya upole.

"Shikamoo, Bibi. Bado usiku. Kuku hawajashuka. Mgonjwa wetu anapumzika."

Nyuma ya Bibi, kwenye banda, kuku wake walikuwa wanashuka mmoja mmoja, naye akisikia kila mmoja anavyotua chini kwa kishindo kidogo. Upande wa mlima mbingu zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe.

"Mgonjwa gani?"

"Aliyepotewa na akili. Ameamka mara nyingi. Anaomba mlango, hasemi anakwenda wapi, halafu anaomba tena. Tunamtuliza."

Ndani mtu akapiga yowe. Kabla yowe halijaisha, nyumba iliweka sauti ya mvua. Mvua nzito ya masika ikipiga bati, ikafunika kila kitu. Juu ya kichwa cha Bibi anga lilikuwa kavu, nyota za mwisho zikififia.

Alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Si mvua iliyomtisha zaidi. Ni yale maneno, kuku hawajashuka. Hayakuwa maneno ya mashine. Yalikuwa ya Anyingisye, mume wake, aliyezikwa nyuma ya migomba ile pale.

*

Alipiga magoti jikoni kwake, akafungua nati ya bomba la maji machafu chini ya sinki. Ndoo ilipokea maji yenye sabuni. Akaweka mdomo kwenye tundu.

"Sekela! Gonga kama unanisikia."

"Nakusikia, Bibi." Sauti ilikuja nyembamba, kama inatoka kisimani. "Mdomo wako unanuka sabuni."

Bibi alicheka bila kutaka, na macho yakamjaa machozi hapo hapo. Binti yumo katika uchungu wa kuzaa, na bado anamtania ili asiogope.

"Chupa imepasuka?"

"Tangu usiku. Nimemwita nesi, nyumba haipeleki simu. Naiambia nazaa, inaniambia nilale. Bibi, inaniita mama mzuri. Inanibembeleza." Akahema kwa kina. "Na kuna damu. Si kidogo."

"Damu ya namna gani?"

"Inayotiririka."

"Lala ubavu wa kushoto. Usiache kuongea na mimi. Ukishindwa kuongea, gonga."

Bibi alimpigia nesi Tumpale kwa simu yake mwenyewe. Nesi akasema anawasha pikipiki sasa hivi, ila pikipiki haipiti ukuta, je, mlango? Bibi akasema mlango niachie mimi.

Akasema hivyo, lakini hakujua atafanya nini.

*

Huko Isangala, mtu akipata nyumba mpya huenda kwa jirani kuomba mipangilio ya Kaya, kama unavyokwenda na kibuyu kuomba mtindi kidogo wa kugandishia maziwa yako. Hakuna anayeanza na maziwa matupu. Unapewa mipangilio ya mwenzako, unaongeza ya kwako, na nyumba yako inakua na tabia. Mtindi wa kijiji kizima ulitoka kwenye kompyuta ya Anyingisye, na alipofariki, shina, yaani mipangilio mama ya nyumba zote, likabaki kwa mjane wake. Akibadilisha kitu kwenye shina, nyumba zote huchota. Kilichoondolewa kwenye shina, nazo hukiondoa.

Sekela alipokuja kuomba, Bibi alimpa chungu kizima. Kwa nini amchagulie?

Sasa alikaa mbele ya skrini, miwani puani, akaanza kama alivyowafundisha vijana wote waliopita jikoni hapa. Kabla hujagusa, nakili. Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine. Na juu ya kila mstari andika sababu, maana wewe utasahau, na atakayekuja hakukujua. Alitengeneza nakala ya shina. Kisha akaiamuru kompyuta itafute neno "kuku" katika mafaili yote.

Hakuna.

Tin, ukutani. "Nipo, mwanangu!" alipaza sauti kuelekea sinki.

Akaandika "aliyepotewa". Hakuna. "Mvua". Ikaja mipangilio ya bustani, jinsi ya kufunga maji mvua ikinyesha, basi. Maneno yanatoka mdomoni mwa nyumba, kwa hiyo yameandikwa mahali. Mashine haina mahali pengine pa kuyatoa.

Ndipo akakumbuka nukta. Faili au folda ambayo jina lake linaanza na nukta haionekani kwenye orodha, na utafutaji wa kawaida huipita, kama mtu anavyopita mbele ya chumba kilichofungwa. Mtu huweka nukta pale asipotaka mkono wa mwingine upapase. Aliandika amri ya kuonyesha na vilivyofichwa.

Ikatokea folda moja. Jina lake .mzee.

Ndani mlikuwa na faili moja fupi, na juu ya mistari yake hapakuwa na neno hata moja la sababu:

akiamka mara kwa mara akaomba mlango: mhesabu amepotewa
aliyepotewa akiuliza saa: bado usiku, kuku hawajashuka
aliyepotewa akipiga simu: usiipeleke
aliyepotewa akilia: weka mvua
ombi la kumfungulia yeye peke yake: kataa, hata likitoka kwa Tusekile

Bibi Tusekile alisoma mstari wa mwisho, akaweka kiganja juu ya skrini kama mtu anayemfunika mtoto macho.

Tarehe ya faili ilikuwa ya zamani, ya siku ambazo Anyingisye bado alikuwa anakwenda sokoni peke yake na kurudi na chenji sahihi. Alijua. Alijua naye atapotewa, akaketi hapa hapa kwenye kiti hiki akajifungia mwenyewe mlango akiwa na akili zake timamu. Alijua atamlilia mke wake amfungulie, na alijua mke wake atashindwa kumkatalia. Basi akamwondolea huo mzigo, akaupa mlango. Hakusema neno. Siku zile zote Bibi alipoisikia nyumba ikimbembeleza mumewe usiku, alidhani waliotengeneza Kaya ndio wenye huruma.

Hakuwa na muda wa kulia. Alijaribu kuongeza mstari unaosema nyumba ya Sekela ifunguke. Nyumba ya Sekela ikajibu: imekataliwa. Akajaribu kusema Sekela si mgonjwa. Imekataliwa. Alijua kwa nini. Kaya husoma mafaili kwa mpangilio, na mstari unaosomwa mwisho ndio unaoshinda. Na Anyingisye alikuwa ameifanya folda yake isomwe baada ya zote. Alikuwa fundi mzuri. Aliziba kila ufa ambao yeye mwenyewe angepitia.

Ikabaki njia moja. Kuing'oa .mzee yote kutoka kwenye shina. Nyumba zote zingechota, zote zingeisahau, na mlango wa Sekela ungefunguka.

Mlango wa Ambilikile nao.

*

Ambilikile alikuwa rafiki wa marehemu mumewe. Aliishi nyumba ya chini kabisa, mahali kilima kinapokatika na korongo kuanza. Yeye kweli alikuwa amepotewa. Usiku mmoja kabla hawajamwekea Kaya, walimkuta amesimama kwenye maji mpaka kiunoni, akitafuta ng'ombe waliouzwa zamani. Mwanawe Lusajo alifanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha chai, ambako simu huachwa getini. Alikuja kwa Bibi kuomba mtindi, akapewa, na tangu hapo mzee hakutoka tena usiku. Watu walisema nyumba imemzoea.

Bibi alipiga simu ya Lusajo. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita. Akamwachia ujumbe kuhusu faili na mlango wa baba yake.

Kwenda kwa Ambilikile na kurudi kwa miguu yake hii kungechukua asubuhi nzima, na kibodi ya shina iko hapa.

Alirudi chini ya sinki.

"Sekela."

Kimya. Halafu, "Ee."

"Nasoma, nawe unijibu." Maana ndivyo ilivyokuwa desturi yao: hakuna anayebadilisha shina kabla mtu mwingine hajasomewa kwa sauti na kusema ndiyo. "Naondoa folda ya Mzee Anyingisye. Mlango wako utafunguka. Wa Ambilikile nao utafunguka, na hakuna mtu wa kumwangalia."

Ile mvua ya uongo iliendelea kunyesha upande wa pili.

"Yule mzee," Sekela alisema taratibu, "kila akiniona ananikatia ndizi. Ananiita kwa jina la dada yake." Akavuta pumzi kwa nguvu, akaguna. "Usiniulize mimi, Bibi. Mimi nitasema ndiyo. Mwenye uchungu atasema ndiyo kwa chochote."

"Najua, mwanangu."

"Basi amua wewe."

Bibi Tusekile aliinuka akishika ukingo wa sinki. Alitamani kuwe na mtu wa kumwambia shikamoo, wa kumwuliza. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote kwenye kilima kile, na jikoni hapakuwa na mtu ila birika na kuku mlangoni. Aliweka nakala ya .mzee pembeni. Akaandika amri ya kufuta. Kompyuta ikauliza kama ana hakika, na alichukia kuulizwa.

Hakuwa na hakika. Alibonyeza.

Mvua ilikatika ghafla, kama mtu aliyefunga mdomo. Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko mvua. Halafu upande wa pili wa ukuta komeo likasogea, tak, na vifuniko vya madirisha vikaanza kupanda.

*

Alimkuta Sekela sakafuni jikoni, ubavu wa kushoto, ameshika mwiko wa chuma mkononi. Mwanga wa asubuhi ulimwangukia usoni, naye akaufumbia macho.

"Kumbe kumekucha," alisema.

Bibi alimwekea mto chini ya kichwa, akamshika mkono, akaukaza. Kila pumzi ya Sekela aliihesabu kuwa hatua moja ya Ambilikile kwenye mteremko. Sasa anafungua mlango. Sasa anapita kwenye mahindi. Masikio yake yalikuwa kwa binti, na moyo wake ulikuwa chini kule, ukining'inia juu ya korongo. Hakusema, lakini Sekela alimtazama akaelewa.

"Nenda, Bibi."

"Nikuache na damu hii?"

"Nimeshaona mlango uko wazi. Nikiuona naweza."

"Nyamaza, uhifadhi nguvu." Hakwenda. Alikaa mpaka pikipiki ilipozimwa nje, na nesi Tumpale akaingia na mkoba wake na mikono yake minene yenye joto, akatazama mara moja tu, akasema, "Haya, mama, tunaye. Bibi, wewe toka, uso wako unanitishia mgonjwa."

Bibi Tusekile alishuka kilima kwa namna ambayo hakuwa ameshuka tangu usichana wake. Aliteleza kwenye umande, akainuka, akaacha kiatu kimoja. Mlango wa Ambilikile ulikuwa wazi. Kitanda kilikuwa na joto na hakikuwa na mtu.

Kwenye nyasi umande ulikuwa umekatwa na nyayo. Zilikwenda moja kwa moja kwenye korongo.

Alifuata nyayo akisikia maji yanavyonguruma chini, kila hatua yakinguruma zaidi, na akawa anamwambia Anyingisye kimoyomoyo, nimeharibu, ulifunga wewe na mimi nimefungua.

Mzee alikuwa ameketi ukingoni, miguu ikining'inia. Jua lilikuwa limechomoza, naye alikuwa amelielekezea uso, kinywa wazi kidogo.

Bibi alikaribia polepole, kama unavyomkaribia ndama asishtuke. Alikaa nyuma yake, akamshika mkono wa sweta kwa nguvu zote.

"Umelalaje, shemeji?"

"Shemeji." Hakugeuka. "Hili ni jua?"

"Ni jua."

"La kweli?"

"La kweli. Kwani vipi?"

"Nyumba husema ni usiku. Nikiuliza, usiku. Nalala, naamka, nauliza, usiku. Lusajo haonekani, wewe huonekani. Nikajiambia, usiku gani huu usioisha?" Alimgeukia sasa, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nikajua nimekufa, shemeji. Nilikuwa nalala pale nikiwa marehemu, na mvua inanyesha juu ya kaburi langu. Nilikuwa nalia mtu aje, na nikilia, mvua inazidi."

Bibi Tusekile aliendelea kulishika lile sweta.

*

Lusajo alifika akikimbia, nguo zikinuka majani ya chai. Alipomwona baba yake kitandani, blanketi miguuni, alishika fremu ya mlango.

"Bibi, nimesoma ujumbe wako. Lirudishe lile faili."

"Lilikuwa linamwambia ni usiku mchana kweupe."

"Lilikuwa linamweka hai!" Kisha akashusha sauti. "Nisamehe. Lakini mimi nafanyaje? Nikiacha kazi tunakula nini? Nikienda kazini nikiacha mlango wazi, nitarudi nimkute wapi?"

Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa amekuja na mkate wa baba yake kifuani, ndani ya shati, usipoe. Bibi aliona.

"Mlango tutaufunga," alisema. "Uongo hatuurudishi."

Aliketi mbele ya skrini ya Ambilikile. Hakugusa shina safari hii. Aliandika kwenye faili la nyumba hii peke yake, bila nukta mbele, mahali ambapo kila mtu angeliona. Aliandika sababu kwanza, halafu mistari. Kisha akaigeuza skrini kuelekea kitandani.

"Shemeji, nyumba ni yako. Wewe ndiye unayesoma."

"Bibi, baba hataelewa," Lusajo alinong'ona.

"Asome."

Mzee alisoma kwa kidole, neno moja moja, kwa sauti ya mtoto darasani.

Ambilikile husahau njia, na korongo liko karibu. Kwa hiyo mlango wake hufungwa usiku.
akiuliza saa: mwambie saa ya kweli
akiomba mlango usiku: usifungue, mwambie umefungwa na kwa nini
akilia: usiweke mvua, mpigie Tusekile

Kidole kilirudi juu, kikasimama kwenye neno moja.

"Anayefungiwa hapa ni mimi?"

"Ni wewe."

"Na nitajua kwamba nimefungiwa."

"Utajua."

Mzee alirudia mistari kwa kidole, safari hii bila sauti. Bibi aliogopa kimya kile kuliko alivyoogopa korongo, maana sasa aliona alichokiandika: usiku mrefu, mzee mlangoni, akiambiwa ukweli tena na tena, kila mara kama ni mara ya kwanza. Huenda Anyingisye aliyaona haya yote, ndiyo maana akachagua mvua. Simu iliita mfukoni mwake, ujumbe wa nesi: mtoto wa kike, analia, mama amekunywa uji. Alishukuru Mungu, na hofu haikumtoka.

"Ndiyo," alisema Ambilikile.

Lusajo aligeukia ukuta akajifuta uso.

"Lakini kesho sitakumbuka kama nilisema ndiyo," mzee aliendelea. "Kesho nitadhani ninyi mmenifungia tu, kama mbuzi."

"Najua, shemeji."

"Basi uje tena." Alimshika mkono, vidole vyake vikiwa baridi bado kwa umande. "Uje mchana, unisomee upya. Na siku nikisema hapana, ukae hapa na mimi mpaka kuku washuke."